Nafukua, Sifukii

Jumamosi, 5 Aprili

Bustanini tena, kabla watu hawajajaa na mbwa wao. Nimefunga sita za Mfungo Mosi, baada ya Ramadhani, kwa hivyo hapakuwa na chai ya kunichelewesha. Vizibo vya soda. Karatasi ya fedha ya chokoleti. Ufunguo wa mtu. Halafu, karibu na njia ya baiskeli, mlio mwembamba, mzuri, ule ninaoujua. Nikakata majani pande tatu, nikayafunua kama kifuniko cha sufuria, nikachokora. Peni ya zamani, kubwa, nyeusi. Malkia yule mzee aliyejitanda mtandio. Mwaka umefutika. Nikaisugua kwa kidole gumba mpaka pua ikatokea. Raha yake siwezi kumweleza mtu.

Raya haelewi. Binti yangu ana akili ya kuendesha ofisi nzima, lakini mama yake kutembea bustanini na mashine ya kutafutia chuma, inayolia, kunamtia aibu. Ananiambia kwa Kiingereza, ndiyo lugha yake ya kunijibu tangu mdogo: watu watakuona. Wanione. Kibali ninacho, cha kaunsili, baraza la mji, nimekitia kwenye plastiki na kukitundika shingoni. Kinasema nisichimbe kupita kiganja, nisiguse maua, nisiende kwenye bembea za watoto, na kila shimo nilifukie. Yote nayafanya. Wiki nzima nawapakulia watoto wa watu maharage kwenye jiko la shule. Jumamosi na Jumapili asubuhi ni zangu.

Kantaben alikuwa kwenye benchi lake na chupa ya chai. Jirani yangu wa ukuta mmoja, Mhindi mzaliwa wa Mwanza. Amekaa hapa Harrow, Landani, kuliko sote lakini akifungua mdomo utadhani jana tu alikuwa nyuma ya kaunta anakata kanga. Aliniuliza leo nimepata mume au chuma tu. Chuma, nikamwambia, chuma hakidai chai.

Harusi ya Raya ni baada ya Idi Kubwa. Anaolewa na Hilali. Mtoto mzuri, ana adabu, anakula bila kuchagua. Mama yake, Bi Zuwena, ndiye mkubwa wa kundi letu la wanawake. Maulidi, hitma, nani apike nini, yote yanapita kwake. Tangu posa ananiita mkwe mwenzangu mbele za watu. Naona fahari, sifichi.

Jumapili, 13 Aprili

Leo nimeona kitu.

Nilikwenda upande wa mwisho wa bustani, kwenye mti mkubwa unaotazamana na maflati ya kaunsili. Sijawahi kupima pale. Mashine ikapiga kelele, si mlio wa sarafu, kelele ya chuma kikubwa. Wenye uzoefu huacha, wanajua ni takataka. Mie si mtu wa kuacha. Chini kidogo tu nikakuta kopo la maziwa ya unga, kutu tupu, kifuniko kikavunjika mkononi. Ndani kitambaa kilichooza. Kilikuwa kanga, pindo bado linaonekana, jekundu na jeusi. Ndani ya kanga, pini ya nepi yenye kichwa cha buluu. Na shilingi yetu ya zamani, ile yenye mkono ulioshika mwenge.

Nikakaa kitako kwenye majani, maji yote yakaingia kwenye suruali.

Hiki ni kitovu kilichozikwa. Hakuna Mwingereza anayefanya hivi. Kuna mama wa kwetu, mtoto wake wa kiume, ndiyo maana ya ile buluu, kazaliwa hapa, kitovu kimekatika, naye hana ua, hana shamba, hana mkubwa wa kumuuliza akizike wapi. Akaja hapa. Shilingi sijui aliitia kwa nini, labda mtoto asikose riziki.

Ile shilingi niliitaka. Naandika kweli. Nimefukua peni za wafalme wao wote, sarafu ya kwetu ndiyo ya kwanza. Niliishika mpaka ikapata joto. Halafu nikairudisha, ina mwenyewe. Kanga ile ilishakuwa uji, haifungiki tena, basi nikachana pindo la kanga yangu niliyojifunga kiunoni, nikavizungushia vyote. Nikafukia, nikayakanyaga majani yalale. Nikamwombea dua mwenye kitovu, yeyote awaye na popote alipo.

Sitamwambia mtu. Kitovu cha mtu hakitangazwi kilipo. Akikipata mwenye nia mbaya ni sawa na kumpata mtu mwenyewe. Ndivyo tulivyolelewa, na kuishi Landani hakujanibadilisha kwa hilo.

Jumanne, 22 Aprili

Shule zimefunguliwa. Mgongo unauma.

Kundi la wanawake kwenye simu kimya tangu wiki jana, kisha leo tangazo: sambusa za hitma ya Ijumaa, nilizoagizwa mie, zimeahirishwa. Nikauliza mpaka lini. Wote wamesoma. Hakuna aliyejibu.

Sambusa zinaahirishwaje?

Alhamisi, 24 Aprili

Mgeni, ndilo jina lake, amekuja kunieleza. Huyu ndiye rafiki yangu, tumekoroga masufuria pamoja tangu wanetu wananyonya, na akiwa na jambo hawezi kukaa nalo, tumbo humuuma. Alikunywa chai vikombe viwili kabla ya kusema.

Shufaa wa kundini, yule wa mdomo mrefu, Jumapili ile alikuwa akipita kwenda stesheni. Akaniona chini ya mti, nimepiga magoti, natia shimoni kopo lenye kitambaa cha kanga, na midomo inanicheza. Amesema kwa kila mtu: Saada anafukia vitu bustanini.

Nilicheka. Nikamwambia Mgeni, mie nafukua, sifukii, wamekosea herufi moja tu. Mgeni hakucheka. Akaniuliza taratibu: lakini lile kopo, ulilifukia au hukulifukia?

Ningesema nini? Nikisema ni kitovu, kesho nusu ya wanawake wa Harrow watakuwa chini ya ule mti na vijiko. Na mwenye kitovu yuko hai mahali fulani, ni kijana wa mtu. Nikamwambia nimelifukia, na sababu si yangu kuisema.

Uso wake ukabadilika. Mgeni wangu mie. Nimeumia kuliko kwa hayo ya Shufaa.

Jumamosi, 26 Aprili

Wanataka kuniona? Nimewarahisishia.

Nimevaa kanga ya rangi ya chungwa, doti nzima, moja kiunoni na moja begani, juu ya koti la baridi. Sikwenda alfajiri. Nimekwenda saa nne, jua limetoka, njia ya stesheni imejaa watu. Nimechimba katikati ya bustani, mahali peupe. Kila shimo nililofukia nimesimama na kujipangusa mikono bila haraka. Nusu peni mbovu, kijiko, kigari kidogo cha mtoto kisicho na magurudumu. Shufaa kapita, kanga yangu kaiona, akavuka kwenda upande wa pili wa barabara. Nikampungia mkono.

Kantaben akaniambia hata ndege inayoteremka uwanjani imeniona. Kisha akasema kwao Mwanza mama yake naye alisemwa mchawi, kwa kuwa mbaazi zake zilistawi. Nikamuuliza alifanyaje. Akasema alipanda mbaazi zaidi.

Jumapili, 4 Mei

Edgware Road na Raya, kununua udi, halua na mafuta ya waridi. Wageni wa Omani wamejaa, mabaraza ya kahawa yamejaa, gari haina pa kusimama. Dukani tukawakuta wanawake watatu wa kundi letu. Salamu zilikuja za ncha za vidole, kama wanaoshika sufuria ya moto. Mmoja alimbusu Raya na kuniruka mie. Nilimwambia kwa sauti, mwenye duka akasikia, shavu langu pia lipo.

Kwenye basi Raya akaniuliza kuna nini. Nikamwambia. Nilidhani atacheka, amezaliwa hapa, amesoma hapa. Hakucheka. Alitazama dirishani mpaka kwetu.

Jumatano, 14 Mei

Kaka yake Bi Zuwena amepiga simu. Maneno ya asali. Kwamba wao hawana neno na Raya, mtoto wao. Kwamba harusi isimame kidogo. Kwamba kuna vitu vimefanywa, hakusema vitu gani, na Bi Zuwena anataka mambo matatu: niende kwa sheikhe nikasomewe, mashine niitoe nyumbani kwangu, na niseme mbele ya wanawake nilichokitenda chini ya ule mti. Nikiyafanya, harusi ipo siku ile ile.

Nikamuuliza kwa nini Bi Zuwena hakunipigia mwenyewe. Akasema dada yake anaumwa. Mwambie apone, nikamwambia, kisha anipigie. Nikakata.

Raya alikuwa mlangoni. Amelia, mtoto mkubwa vile. Kwa Kiingereza, haraka haraka, nusu yake sikuishika, lakini nilichoshika kinatosha. Omba radhi tu, mama, yaishe. Tupa hiyo fimbo. Ni sarafu za takataka. Unanivunjia maisha kwa sarafu za takataka.

Nilimwambia siombi radhi kwa jambo ambalo sikulifanya. Akasema, basi waambie ulifanya nini. Siwezi, nikasema. Akaniuliza, huwezi au hutaki? Akapanda juu, mlango ukabamizwa, picha ya marehemu baba yake ikakaa upande.

Nimekaa jikoni. Nina hasira na Bi Zuwena, na Shufaa, na sheikhe ambaye hata simjui. Na nina hofu. Mwanangu anampenda yule kijana, naona anavyolainika akimtaja. Nikishindana nikashinda, huenda yeye ndiye atakayeshindwa. Hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa, 16 Mei

Raya hasemi nami. Anaacha sahani yake ameiosha, kama mpangaji.

Nimeitoa mashine mpaka kwenye pipa la nje. Nikaiangalia. Nikairudisha ndani. Leo wakinivua mashine, kesho watanivua nini? Nikisomewa leo, nitakuwa Saada aliyesomewa mpaka nakufa, na wajukuu zangu watakuwa wajukuu wa Saada aliyesomewa. Hapana. Simpi mwanangu urithi wa namna hiyo.

Jumamosi, 17 Mei

Hilali alinifuata bustanini. Peke yake, viatu vyake vya ofisini kwenye majani yaliyolowa. Akaniamkia, shikamoo mama, akasimama tu. Nikamwambia akishika koleo atapata la kufanya na mikono yake. Akashika.

Kiswahili chake kinachechemea lakini alikivuta. Anamtaka Raya. Amegombana na mama yake kwa mara ya kwanza maishani. Mama yake hali, hamwambii sababu, anamwambia tu kuna mtu kamgusa mwanangu. Nikamuuliza ameguswaje. Hajui. Anasema yeye hajisikii kaguswa na mtu.

Tukatembea mpaka upande wa mwisho, sikukusudia. Akasimama akanionyesha maflati. Akasema, pale juu, dirisha lenye pazia la buluu, ndipo nilipozaliwa mie. Yaani hospitali kisha pale. Hatukuwa na hata kibaraza. Halafu akacheka, akasema mama yake mpaka leo akipita chini ya mti huu hutoa salamu, assalamu alaykum, na hapana mtu. Alipokuwa mdogo akidhani kuna jini.

Nilishika mti.

Kumbe ni yeye. Kopo ni la Bi Zuwena, na kitovu ni cha huyu kijana aliyeshika koleo langu. Shufaa alipomwambia kopo, kanga, chini ya mti, hakuwa na haja ya kuambiwa zaidi. Yeye kaona hivi: mama wa bi harusi amekwenda kufukua kitovu cha mwanangu, amekifanyia mambo, amekifukia tena, amfunge kwa binti yake. Na hawezi kusema, kwa sababu akisema atakuwa amekitaja kilipo.

Mie nimemnyamazia yeye. Yeye kaninyamazia mie. Sote wawili kwa jambo lile lile moja.

Sikumwambia Hilali kitu. Nikamwambia asugue viatu kabla ya kupanda treni.

Jioni nikampigia Bi Zuwena. Alipokea, nilisikia anavyopumua. Nikasema: kesho saa nne asubuhi, chini ya mti wako. Njoo peke yako. Nikakata kabla hajaumwa tena.

Jumapili, 18 Mei

Alikuja.

Buibui la kutokea, viatu vya kisigino, miwani ya jua. Amekonda kweli. Alisimama mbali na mie kama nina upele. Mashine nilikuwa nayo, sikuiacha nyumbani kwa ajili yake. Nikamnyooshea koleo. Nikamwambia, fukua mwenyewe, uhesabu vyako.

Alitazama koleo, akatazama flati lake la zamani, akavua miwani. Kisha akapiga magoti na buibui lake zuri na akachimba. Hakuuliza wapi. Alijua mpaka mzizi.

Alipotoa kopo akakuta kitambaa kipya, akanitolea macho. Nikamwonyesha kanga niliyojifunga, pindo limechanika, rangi ile ile. Nikamweleza yote, kwa ufupi, kama ninavyoandika hapa. Mashine ililia. Nilifungua. Nilijua ni nini. Kanga yako ilikuwa imeoza, nikampa yangu. Pini ipo, shilingi ipo. Kama ningekuwa na nia mbaya, ningekuwa na hiyo shilingi sasa hivi, maana naipenda kuliko sarafu zote nilizonazo.

Aliifungua. Aliishika ile pini akalia, si kilio cha kike cha msibani, kilio cha kukaza meno. Maneno yakaanza kumtoka. Baridi, theluji mpaka kwenye madirisha, mumewe kazini. Muuguzi anayetembelea wazazi kaona kitovu kimekatika, akataka kukitupa kwenye pipa na nepi. Bi Zuwena akamnyang'anya. Alikificha kwenye sidiria siku nzima. Halafu akashuka nacho, mzazi mbichi vile, akachimba kwa upawa, maana hana koleo. Hakumwambia mume wala mama yake mzazi kwenye simu. Aliona haya. Mtoto wa watu wa heshima, kitovu chini ya mti wa kaunsili wanapokojoa mbwa.

Nilimwonea huruma. Na hasira haikuondoka. Vyote viwili vilikaa pamoja na vilienea.

Akasema, nilijua unataka kumfunga mwanangu. Nikamwambia mwanao kajifunga mwenyewe, anampigia binti yangu simu hata akienda kununua maziwa.

Akasema, kwa nini hukusema? Nikamwambia, kwa sababu sikumjua mwenyewe, na kitovu hakitangazwi. Na wewe kwa nini hukuniuliza? Akaanza: mkwe mwenzangu, tusameheane, yaishe hapa hapa, mie na wewe. Nikamkatiza. Hapana, Bi Zuwena. Siri yako ninayo, haitoki kwangu hata ukinikata. Lakini jina langu umelitia uchafu mbele za watu, utalisafisha mbele za watu. Sheikhe siendi. Mashine sitoi. Na harusi ukiivunja, sababu utamweleza mwanao wewe.

Watanicheka, akasema. Wakucheke, nikamwambia. Mie nimechekwa tangu Mfungo Mosi na bado nakula.

Akavirudisha vitu vyake, ndani ya kitambaa changu, na akafukia. Nikamwonyesha namna ya kuyalaza majani yasikauke. Alipokuwa anajipangusa magoti, akaniuliza, sauti ya chini: na cha Raya, ulikizika wapi?

Nikawasha mashine nikaenda zangu.

Jumatatu, 19 Mei

Kaka mtu kapiga simu. Harusi ipo siku ile ile. Hakutaja sheikhe. Hakutaja mashine. Maneno ya asali tena.

Raya alinikumbatia jikoni mpaka mkate ukaungua. Anadhani nimeomba radhi. Nikamwambia sikuomba. Kwa nini basi wamekubali? Nikamwambia amuulize mama mkwe wake, siku ikifika.

Kundini bado kimya. Sambusa bado zimeahirishwa.

Alhamisi, 12 Juni

Leo hina. Tumekodi ukumbi wa juu ya duka la mazulia. Nimepika mwenyewe, sikukubali kununua: biriani, katlesi, sambusa, mikate ya kumimina. Mgeni alikuja kunisaidia tangu asubuhi bila kuitwa. Alimenya vitunguu, akalia, akasema ni vitunguu. Nikamwachia aseme hivyo.

Wanawake wakaja, wamependeza, wananukia. Vigelegele kwa Raya, mikono yake inachorwa. Masinia yakateremshwa. Bismillah ikasomwa.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Waliongea, walipangusa miwani, walipiga picha za maua. Mmoja ana sukari, mmoja amekula nyumbani. Shufaa alishika glasi ya maji aliyokuja nayo mwenyewe kwenye mkoba. Mie nilisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Nilijiambia, Saada, usilie mbele ya hawa. Biriani la harusi ya mwanangu linapoa na hawa wanaliangalia kama mzoga. Raya aliinua macho kutoka kwenye hina akaniona. Alielewa yote, nilimwona anaelewa, na mikono yake yote miwili imezuiliwa.

Bi Zuwena alichelewa. Aliingia, wakainuka, akawapita wote bila kumpa mtu shavu. Akaja mpaka mlangoni kwangu, akanishika mkono, akanikalisha kwenye sinia la katikati, akakaa ubavuni pangu. Akala. Tonge la kwanza, la pili. Hata aliyekuwa anachora hina kasimama. Wachache wakaanza kusogea.

Mie sikutosheka, niseme kweli. Kula ni kula. Nilitaka maneno, na sikumtazama usoni.

Shufaa bado na glasi yake. Bi Zuwena akamwona. Akasema, si kwa sauti kubwa, lakini ukumbi wote ulisikia: Shufaa, kula. Lile kopo langu mie. Nililizika mwenyewe, Hilali alipokatika kitovu. Mwenzangu alilikuta akalistiri.

Wakubwa walifahamu papo hapo. Mmoja akasema masikini, mwengine akashika kifua. Vijana wakaulizana kwa Kiingereza kitovu ndiyo nini. Nilisubiri kicheko, na yeye alikisubiri. Hakikuja. Bi Mwanahawa, mtu mzima kuliko sote, akasema cha mwanawe kipo kwenye chungu cha maua, amehama nacho nyumba tatu. Mwengine akasema cha mwanawe kipo uani kwa shemeji yake, na wamekosana, haendi. Ikawa hadithi juu ya hadithi, na mikono kwenye masinia.

Shufaa alikula sambusa. Kisha nyingine.

Nilitaka zaidi. Nilitaka apige magoti tena, mbele yao. Halafu nikaona mkono wa Bi Zuwena juu ya wali, tonge halifungiki. Nikamwekea nyama upande wake.

Jumapili, 22 Juni

Nyumba kubwa, Raya hayumo. Soksi zake zimo.

Leo asubuhi alikuja peke yake, Hilali kamwacha kalala. Nilimwita mie. Nikalitoa sanduku la juu ya kabati, lile nililokuja nalo Landani, nikatoa kisanduku cha udi, na ndani yake kitambaa, nikampa. Akakifungua. Kitu kidogo, kikavu, kama karafuu. Hakuogopa. Aliuliza kwa nini sikukizika.

Nikamwambia. Niliona nikikizika hapa nimekwisha kukubali. Nilikuwa nimekuja kwa muda, mie na baba yake, tutarudi, nitakizika Unguja uani kwa mama. Kila mwaka nikasema mwaka huu. Mama akafa, nyumba ikauzwa, baba yake akafa hapa akazikwa hapa. Kitovu kikabaki kabatini juu.

Tukaenda bustanini, sote wawili, na koleo. Kibali changu nimekisoma tena. Kinakataza kuchimba kupita kiganja. Juu ya kutia hakisemi kitu.

Nikamwelekeza kwenye ule mti, nikidhani atapenda kiwe karibu na cha mumewe. Akakataa. Akasema kwa Kiingereza hataki kukaa chini ya mti wa mama mkwe wake tangu sasa. Akazunguka, akapima kwa miguu, akachagua mahali peupe penye jua, pembeni ya uwanja wa mpira. Nikamwambia hapa watoto watapakanyaga kila Jumamosi.

Akanijibu kwa Kiswahili. Wakanyage.

Nikampa koleo.